Nyumba ya Wamisionari Iliyotoa Mchimba Mifupa

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, msafara mdogo uliotoka Rabai, nyuma ya Mombasa, ulikuwa unakaribia nchi ya Wachaga. Ndani yake alikuwamo Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya London. Kwa mbali aliona weupe juu ya kilele cha mlima. Alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, alijibiwa kwamba ni baridi, basi. Rebmann hakuhitaji maelezo zaidi, kwa kuwa theluji alikuwa ameizoea tangu utotoni kwao Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Alikaa chini, akafungua Biblia pale alipokuwa amefikia katika usomaji wake wa kila siku. Ilikuwa Zaburi ya 111, ile inayosifu matendo ya Mungu na kusema kwamba wanaoyafurahia huyachunguza.

Habari zake zilichapwa London mwaka uliofuata, na msomi mmoja akazikataa katakata. Huyu alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyejifunza Afrika vitabuni na kwa kuwahoji wasafiri, bila kuikanyaga yeye mwenyewe. Kwa hesabu zake theluji karibu na ikweta haikuwezekana, kwa hiyo mmisionari ama aliona miamba myeupe ama aliota. Aliushikilia msimamo huo kwa miaka. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu hadithi iliyozoeleka husema kwamba dini hufumba macho na sayansi huyafumbua. Hapa mhubiri ndiye aliyekwenda kutazama, msomi akabaki na kitabu chake. Lakini tusimpe Rebmann ushindi asiouomba, maana waliomthibitisha walikuwa watu wenye vyombo vya kupimia. Na historia ya jambo hili katika Afrika Mashariki, yaani imani ya uumbaji kukutana na maarifa ya miamba na mifupa, imejaa watu wa namna hiyo, ambao ukijaribu kuwapanga upande mmoja wa ugomvi hawapangiki.

Mwenzake Rebmann pale Rabai, Johann Ludwig Krapf, alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844. Katika miezi yake ya kwanza, akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Mohedin, alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Sura tatu za kwanza, zenye siku sita za uumbaji, bustani na nyoka, zilichapwa Marekani mwaka 1847, zikiwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Mkristo na Mwislamu walikaa pamoja wakitafuta jinsi ya kueleza kwamba mbingu na nchi zina Muumba, na kwa hilo hawakuwa na la kubishania. Kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya viumbe kilitoka mwaka 1859. Kingine, cha mwaka 1871, kilibashiri kwamba wahenga wa binadamu huenda waliishi Afrika. Pwani yetu haikushtuka. Hakuna aliyekuwa na mfupa wa kuonyesha, na wamisionari walikuwa na homa, makaburi ya wake na watoto, na biashara ya watumwa ya kuwashughulisha.

Mfupa ulikuja kutafutwa na mtoto wa shirika lile lile lililomtuma Rebmann.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, kwenye misheni iliyoendeshwa na baba yake, Harry Leakey. Mzee Harry alitumia miaka mingi kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Mtoto alikua akizungumza Kikikuyu kama wenzake wa kijijini, akapita jandoni na rika lake, akapewa jina la Wakuruigi. Alipokuwa na miaka kama kumi na miwili hivi, ndugu zao wa Uingereza walimletea kitabu cha watoto kuhusu watu wa zama za mawe. Kitabu kilieleza mishale na visu vya jiwe gumegume. Louis hakujua gumegume likoje, na Kabete halipatikani, hivyo akaanza kuokota kila jiwe jeusi linalong'aa aliloliona barabarani na kwenye kingo zilizochimbwa. Lilikuwa jiwe kioo la volkano. Nyumbani walimcheka. Wazee wa Kikuyu, wao, walikuwa na maelezo yao: yale yalikuwa nyembe za mizimu, zilizoshuka na mvua kubwa. Siku moja alijitia moyo akampelekea mawe yake Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho madogo ya Nairobi, naye akamwambia kwamba baadhi yake ni zana kweli, kazi ya mikono ya watu wa kale.

Tazama basi chumba cha mtoto huyu. Mezani pana Kitabu cha Mwanzo ambacho baba anakipekua neno kwa neno. Nje wapo wazee wenye Gikuyu na Mumbi wao, wahenga wa kwanza waliowekwa na Mungu, Ngai, pale Mukurwe wa Nyagathanga, na nyembe zao za mizimu. Kwenye sanduku yamo mawe yanayodai muda ambao hakuna kati ya masimulizi hayo mawili lililouhesabu. Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo lilimnyima usingizi. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922 nia yake ilikuwa kurudi Kabete kuwa mmisionari kama baba yake. Ili kutimiza sharti la lugha alidai Kikikuyu kikubaliwe kuwa moja ya lugha zake, na cheti cha kuthibitisha kwamba anakijua kiligongwa dole gumba na Chifu Koinange.

Kilichombadilishia njia kilikuwa raga. Aliumia kichwa uwanjani mwaka 1923, madaktari wakamwamuru apumzike masomo, naye akapata kazi katika msafara wa British Museum uliokuwa unakwenda kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, karibu na Lindi. Huko, mwaka 1924, akiwa na William Cutler, alijifunza kuufunika mfupa dhaifu kwa plasta na kuutoa mwambani bila kuuvunja. Aliporudi Cambridge alikuwa tayari mtu wa mifupa.

Katika mji huo huo wa Cambridge, kichochoro cha Free School Lane, kuna mlango wa mbao wa maabara ya zamani ya Cavendish, iliyofunguliwa mwaka 1874 chini ya James Clerk Maxwell. Juu ya mlango yamechongwa maneno ya Kilatini, nayo ni aya ya pili ya Zaburi ya 111, ile ile aliyoisoma Rebmann mbele ya Kilimanjaro. Maxwell alikuwa Mkristo wa kweli kweli na mwanafizikia asiye na mfano katika karne yake. Ndani ya maabara hiyo, mwaka 1919, Francis Aston alitengeneza chombo cha kupambanua atomu kwa uzito wake. Chombo cha jamii hiyo tutakikuta tena Olduvai.

Korongo la Olduvai, kwenye ukingo wa Serengeti, lilikuwa limeingia vitabuni mwaka 1911 kupitia daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel, aliyeokota visukuku vya wanyama na kuvipeleka Berlin. Miaka miwili baadaye Hans Reck alichimbua hapo kiunzi kizima cha mtu, akatangaza kwamba ni cha kale sana, sawa na wanyama waliozikwa katika tabaka lile. Mwaka 1931 Leakey alikwenda Olduvai pamoja na Reck huyo huyo. Reck alikuwa na hakika kwamba pale hapana zana za mawe. Leakey akaweka dau la pauni kumi kwamba atapata zana ndani ya saa ishirini na nne, na akala dau. Ila kuhusu kiunzi alijiunga na Reck, na wote wawili walikuwa wamepotoka: lilikuwa kaburi, mtu wa zama za karibu aliyezikwa ndani ya udongo wa kale.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Kanam, upande wa Ghuba ya Winam kwenye Ziwa Nyanza, kundi la Leakey lilipata kipande cha taya, naye akakitangaza kuwa mhenga wa binadamu wa leo. Mwanajiolojia Percy Boswell alitoka London mwaka 1935 ili aonyeshwe mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyovipigilia Leakey kuweka alama havikuwepo. Wenyeji walikuwa wamevichukua kwa matumizi yao, na vyuma vya bure haviokotwi kila siku. Picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya mahali pengine. Boswell alirudi Uingereza akaandika ripoti kali katika jarida la Nature, na jina la Leakey likachafuka.

Nayaeleza makosa haya kwa makusudi. Wanaopinga sayansi ya asili ya binadamu hupenda kuyataja kama ushahidi kwamba yote ni ubunifu, na wanaoitetea huyaruka haraka. Ukweli wenyewe ni kwamba kiunzi cha Reck na taya ya Kanam vilikataliwa na wanasayansi. Hakuna askofu aliyehitajika.

Tena, kama kuna jambo lililomtenga Louis Leakey na jamii ya wamisionari aliyozaliwa nayo, halikuwa mfupa. Alimwacha mkewe Frida akiwa na watoto wawili wadogo, na mwaka 1936 akamwoa Mary Nicol, msanii kijana aliyemchorea michoro ya kitabu. Cambridge ilimfungia milango, na wazazi wake Kabete walihuzunika. Ukisoma masimulizi ya familia hiyo utaona kwamba talaka iliwachoma kuliko visukuku vyote vya Bonde la Ufa. Mary mwenyewe hakuwa mtu wa dini. Utotoni alifukuzwa katika shule mbili za watawa, mojawapo baada ya kulipua kitu katika chumba cha kemia.

Ilikuwa yeye, Mary, aliyeona. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala hemani Olduvai na homa. Mary alichukua mbwa wake akaenda kutembea kwenye mteremko uliokuwa umepewa jina la Frida, mke wa kwanza, ambalo hawakulibadilisha. Mfupa ulikuwa umechomoza ardhini. Akafagia mchanga kidogo, magego mawili makubwa yakajitokeza, yangali yamekaa ndani ya taya ya juu. Alirudi kambini na Land Rover mbio, akipiga kelele kwamba amempata. Louis aliruka kitandani na homa yake. Alipofika na kuyatazama meno, kwanza alinywea: hayakuwa ya mtu aliyemtazamia, yalikuwa ya jamii ya zamadamu waliokwisha kupatikana Afrika Kusini. Mary hakuona sababu ya kununa. Walitumia wiki kadhaa kuchekecha udongo, wakapata vipande kama mia nne, naye akaviunganisha mpaka likatoka fuvu lenye tuta la mfupa utosini na magego yasiyo na mfano. Louis aliliita Zinjanthropus boisei, kwa jina la Zinj ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliita pwani ya Afrika Mashariki, na kwa heshima ya Charles Boise aliyewafadhili. Mwezi Agosti walilipakata mpaka Leopoldville, Kinshasa ya leo, wakawaonyesha wataalamu waliokusanyika kwa mkutano wa Afrika nzima juu ya mambo ya kale.

Lilikuwa na umri gani? Louis alikisia miaka 600,000, na wengi waliona amezidisha. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliomba majivu ya volkano yaliyokuwa yamelizunguka fuvu. Njia yao ni rahisi kueleza, ngumu kutenda. Ndani ya mwamba wa volkano mna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo ambao joto, mvua wala miaka haviubadilishi. Mwamba ukiwa ungali uji wa moto, agoni iliyomo hutoroka. Ukiganda, agoni mpya inayozaliwa hunaswa ndani ya chembe za madini. Ukiyeyusha chembe hizo leo na kuipima gesi iliyonaswa, utajua majivu yaliganda lini. Wa kuipima ni mjukuu wa kile chombo cha Aston, kilichozaliwa nyuma ya mlango wenye zaburi. Jibu lilitoka mwaka 1961: miaka milioni 1.75. Leakey, aliyedhaniwa kuzidisha, alikuwa amepunja karibu mara tatu.

Mtu angetarajia makanisa yawake moto. Hayakuwaka. Mwaka 1960, Louis akiwa katika kilele cha sifa, Kanisa la Anglikana liliunda Jimbo la Afrika Mashariki, na askofu mkuu wake wa kwanza akawa Leonard Beecher. Beecher alikuwa shemeji yake Louis, mume wa dada yake Gladys. Kwa hiyo aliyekuwa mkuu wa Waanglikana wote wa Kenya na Tanganyika, na aliyekuwa anautangazia ulimwengu kwamba binadamu ametokea kwa mageuko katika ardhi hiyo hiyo, walikuwa ndugu wa nyumba moja. Upande wa Roma, Papa Pius XII alikuwa ameshasema katika waraka wa mwaka 1950 kwamba kuchunguza kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe waliotangulia si haramu, mradi roho ikubaliwe kuwa inaumbwa na Mungu mwenyewe.

Louis naye, kwa jinsi anavyokumbukwa, alikuwa akiwajibu waliomhoji kwamba hajachimbua kitu kinachopingana na Biblia. Tatizo, kwake, lilikuwa kwa wanaoisoma Biblia. Sina hakika kama jibu hilo linatosha. Siku sita ni siku sita kwa msomaji wa kawaida, na baba yake alizitafsiri hivyo. Ila ni jibu la mtu ambaye hakuona haja ya kuhama nyumba moja ili akae katika nyingine. Alipofariki London tarehe 1 Oktoba 1972, alirudishwa akazikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Nadhani ukimya wa makanisa ulikuwa na sababu nyingine zaidi ya undugu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, ulikuwa umewashika Wakristo wengi wa Kiafrika. Uamsho ule ulihoji dhambi: umeiba, umezini, umemchukia ndugu yako? Umri wa dunia haukuwamo katika maswali. Halafu ikaja Mau Mau, kisha uhuru. Mchungaji wa Murang'a au wa Dodoma mwaka 1961 alikuwa na shule za kuendesha.

Kulikuwa pia na jambo zito ambalo wanasayansi hawapendi kulikumbuka. Kabla ya mageuko kutufikia kama habari ya fuvu, yalitufikia kama ngazi, Mzungu akiwa juu na sisi chini karibu na sokwe. Mwaka 1933, Nairobi, walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Kinara wao, Dk. H. L. Gordon, mganga wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kwa vipimo vya mafuvu na bongo kwamba Mwafrika ana akili pungufu kwa maumbile, na kwa hiyo elimu ya Kizungu itamdhuru. Huo ulitangazwa kuwa utafiti. Mbele ya maneno hayo, mwalimu wa shule ya misheni alikuwa na silaha moja kubwa, Adamu. Kama watu wote wametoka kwa mtu mmoja aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, ngazi ya Gordon inaanguka. Anayeshangaa kwa nini bibi mcha Mungu anakereka akiambiwa ametokana na nyani angeanzia hapa, si kwenye elimu ndogo ya bibi huyo. Kwamba baadaye mifupa, na mnamo mwaka 1987 vinasaba, vingesema kwamba Wazungu na Waafrika wote ni wana wa bara hili, na kwa hiyo kumwangusha Gordon kutoka upande wa pili, hakuna aliyeweza kulijua wakati ule.

Ugumu wa wachimbaji wa Kiafrika ulikuwa tofauti. Kamoya Kimeu, Mkamba wa Makueni aliyesoma shule ya misheni, alianza kazi Olduvai kwa akina Leakey mwaka 1960 akiwa kijana. Kwao, kama kwingi Afrika, mifupa ya mtu haiguswi. Anayechimbua wafu ni mchawi au atarogwa. Alieleza baadaye kwamba ndivyo watu walivyoiona kazi yao. Kamoya aliishinda hofu hiyo, akawa mtafutaji wa visukuku ambaye hakuna aliyemkaribia. Mwaka 1964 aliona taya huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, mwezi Agosti, kambi ilikuwa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na siku ilikuwa ya mapumziko. Wengine wakifua nguo na kulala, yeye alitoka kutembea ng'ambo ya mto mkavu. Kati ya kokoto nyeusi aliona kipande kidogo cheusi kisichokuwa kokoto, akajua ni cha paji la uso. Richard Leakey, mwana wa Louis, na Alan Walker walichimba hapo kwa misimu kadhaa. Vipande vya fuvu vingine vilikuwa vimenaswa katika mizizi ya mti wa miiba. Walipata mifupa 108 ya mvulana mmoja aliyekufa kando ya ziwa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa hajabalehe vizuri na tayari alikuwa na kimo cha mita 1.6. Hakuna kiunzi cha zamadamu wa umri huo kilichokamilika kiasi hicho.

Ukitaka kuona imani na utafiti vikikaa pamoja bila makelele, nenda Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilipata nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zilifukiwa ili zisiharibike, lakini migunga ikaota juu yake. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na wataalamu wa taasisi ya Getty ya Marekani walizifunua, wakazitibu, wakazifukia upya. Ardhi ni ya malisho ya Wamaasai, ambao wana habari yao ya Mungu, Enkai, aliyewashushia ng'ombe kutoka mbinguni. Badala ya kuweka walinzi tu, wataalamu waliitisha mkutano. Akaja laiboni wa eneo hilo na watu kama mia moja, akachinjwa kondoo, mahali pakabarikiwa. Laiboni hakuulizwa anakubali miaka milioni ngapi. Aliombwa kupalinda mahali, akapalinda.

Nairobi ilikuwa na ugomvi wake. Makumbusho ya Taifa yalifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa, na mwaka uliofuata Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa anaongoza Christ Is the Answer Ministries na muungano wa makanisa ya kiinjili ya Kenya, alipinga hadharani mpango wa kumpa kijana wa Turkana, yule mvulana wa Nariokotome, nafasi ya mbele katika maonyesho. Alisema Wakristo hawaamini kwamba wametokana na huyo, na akataka ielezwe wazi kwamba mageuko ni nadharia mojawapo. Richard Leakey, ambaye hakuwa na dini na hakulificha hilo, alijibu kwamba mkusanyiko ule ni moja ya vitu vichache vinavyoipa Kenya jina duniani. Magazeti ya Ulaya yalikimbilia habari hiyo kwa furaha.

Mimi naona wote wawili walikuwa wanagombea ukuta. Nyumbani Leakey aliamini atakacho, na Adoyo alihubiri atakacho kila Jumapili, wala hakuna aliyemzuia mwenziwe. Kilichokuwa hatarini ni nani aseme na watoto wanaoshuka kwenye mabasi ya shule katika jengo la umma. Kwa hilo nasimama na makumbusho: mfupa uliochimbwa Turkana, uliopimwa na kupimwa tena, una haki ya kuelezwa kwa yale tunayoyajua juu yake, na jengo la mifupa si mimbari. Lakini Leakey angeweza kumjibu askofu kwa historia ya ile ngazi ya mwaka 1933. Alimjibu kwa umaarufu wa nchi, na hoja hiyo haikumgusa mtu yeyote kanisani. Jengo lilifunguliwa tena mwaka 2008, kijana wa Turkana akiwa mahali pake.

Richard alifariki tarehe 2 Januari 2022, na Kamoya mwezi Julai wa mwaka huo huo. Fuvu la Zinj limo Dar es Salaam tangu mwaka 1965, na kwenye njia panda ya Olduvai zimesimamishwa sanamu mbili kubwa za mafuvu ambazo watalii hupigia picha kabla ya kuteremka korongoni.

Suala lenyewe la watoto waelezwe nini limeamuliwa, kwa namna fulani, mahali ambapo hapana kamera. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa Kenya aliyesoma kwa mtaala wa 8-4-4 alijifunza katika kipindi cha Historia kwamba kuna maelezo matatu ya asili ya binadamu: uumbaji, masimulizi ya jadi, na mageuko. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha Dini, Mwanzo sura ya kwanza na ya pili kwa Wakristo, au Adam aliyefinyangwa kwa udongo kwa Waislamu, mara nyingine kikifundishwa na mwalimu yule yule. Tanzania, mwanafunzi wa sekondari alikutana na Zinjanthropus katika Historia ya kidato cha kwanza. Watu wa nje wakisikia hivyo huona ni uoga wa wizara. Labda upo. Lakini kizazi baada ya kizazi kimepita katika vyumba hivyo bila kesi mahakamani kama ile ya Tennessee, Marekani, ya mwaka 1925, ya mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha mageuko, na baadhi ya waliopita humo leo wanachimba Turkana na Olduvai siku sita, ya saba wanakwenda kanisani au, wale wa Ijumaa, msikitini. Swali la mtihani lilikuwa ni kutaja nadharia tatu za asili ya binadamu, na aliyezitaja zote alipata alama zake zote.